Kiraka cha Papa Vedaste

Tangu nirudi, kila anayeingia gereji ananiuliza jambo moja: lile gari la kuogelea limeishia wapi? Nimekuwa nikijibu kwa kifupi kwamba halikufaa, kisha naingia chini ya trekta na kujifanya nina kazi. Mmeuliza mno, nami nimechoka kulala chini ya matrekta ambayo hayana ubovu. Kwa hiyo nimeandika. Habari za pasi na mihuri sitazigusa, hazina ladha. Nitasimulia njia na watu niliokutana nao, na nilichokifanya mimi.

Kwa asiyejua: mdogo wangu Nyamizi ameolewa Mwabulima, kijiji kilicho ng'ambo ya mbuga. Kiangazi unavuka kwa baiskeli. Masika mbuga yote inakuwa uji wa matope na maji. Mtumbwi unakwama kwenye majani, gari linazama, na punda mwenyewe anagoma. Mwaka juzi Nyamizi alishikwa na uchungu mvua zikiwa zimepamba moto. Wakambeba juu ya mlango, wakafika zahanati mtoto ameshakufa. Sasa ana mimba nyingine. Kijiji kikauza pamba na mpunga, kikaunda kamati, na dereva mmoja wa lori akawaambia kwamba kule Gisenyi, Rwanda, kuna mzee anauza gari kuukuu la matairi manane linalotembea nchi kavu, kwenye matope na majini. Nikatumwa nikalikague.

Mwenyekiti wa kamati, Mzee Masanja, alinisindikiza hadi stendi ya Kahama na onyo moja.

"Usilisifie. Ukilisifia tu, tumekwisha. Liponde, fundi, mpaka mwenyewe alionee aibu."

Nilicheka. Kuponda ndiyo kazi ninayoijua kuliko kufunga injini. Hapa Kahama hainunuliwi mashine kuukuu bila mimi kuitwa nisimame kando, nitikise kichwa na nisonye. Muuzaji anakasirika, ananitukana, tunacheka, bei inashuka, tunakunywa soda. Hakuna anayeamini hata neno moja, na ndiyo maana mchezo unakwenda.

Kahama hadi Rusumo

Basi lilikata mkanda wa feni kabla hatujafika Nyakanazi. Nilishuka, nikamwambia dereva mimi ni fundi. Akanitazama viatu, akasema anao fundi wake, yuko njiani. Nilikaa chini ya kivuli cha basi nikala mahindi ya kuchoma na kumwangalia utingo akijaribu kufunga mkanda mrefu kuliko unaotakiwa. Saa tatu zilipita. Fundi wake hakuja. Dereva akaja mwenyewe, amelegea, akasema, "Mzee, si ulisema wewe ni fundi?" Nilimaliza kazi kwa dakika ishirini na sikukubali asante yake. Nilikuwa na kiburi siku ile, na kiburi hicho nilivuka nacho mpaka.

Mpakani waliniondolea mfuko wa plastiki uliokuwa na beringi na sili, zile pete za mpira za kuzuia maji, nilizobeba kwa kukisia. Plastiki hairuhusiwi. Nikaingia Rwanda na sili zangu kwenye bahasha ya karatasi kama barua. Nilipovuka barabara niliangalia upande nilioangalia maisha yangu yote, nikasahau kwamba kule magari hupita kulia. Pikipiki ilinikosa kwa kiganja, na mwenye pikipiki hakunitukana. Alisimama, akauliza kama niko salama, akaondoka. Nilibaki nimeshangaa. Kwetu ningekuwa nimeshaitwa majina ya wanyama wote.

Rusumo hadi Kigali

Njaa ilinishika ndani ya basi dogo. Nilifungua samaki wangu wa kukaanga na kipande cha muhogo, nikala nikimkaribisha mama aliyekaa kando yangu. Basi zima likanyamaza. Hakuna aliyeniangalia, na niligundua kwamba walikuwa wanafanya juhudi wasiniangalie.

Yule mama alikuwa amekulia Karagwe na Kiswahili chake kilikuwa kama changu. Aliningoja nimeze.

"Kaka, huku mtu mzima hali njiani. Mtu anakula akikaa nyumbani, au hotelini."

"Mbona hamkuniambia nilipofungua?"

"Wangewezaje kukuaibisha, nawe ni mgeni?"

Nilifunga samaki wangu nikanuka hadi Kigali.

Kigali hadi Gisenyi

Mvua ilikuwa imeshusha udongo barabarani, mahali penye kona na bonde refu upande mmoja. Tulisimama kuanzia asubuhi hadi alasiri. Kwetu abiria wangekuwa wameshashuka na kugombana na dereva kana kwamba mlima ni wake. Wale walikaa. Wachache walishuka, wakachukua majembe kwa wenye nyumba za jirani, wakaanza kuzoa udongo bila kuambiwa na mtu. Nilikwenda nikazoa nao. Hatukuwa na lugha ya kutosha, ila koleo haihitaji lugha. Mwanamke mmoja alitupa viazi vitamu na maharage, tukala tumekaa sebuleni kwake, watu tisa tusiofahamiana, na mimi safari hii nikala kwa adabu.

Niliingia Gisenyi jioni, matope hadi magotini.

Mbugangari

Mwenye gari wanamwita Papa Vedaste, yaani baba; anaishi mtaa wa Mbugangari, nyumba ya mbao na mawe meusi, na nyuma yake kibanda alicholijengea gari. Ni mzee mrefu, mtulivu, aliyezaliwa na kukulia upande wa Kongo kabla ya kurudi. Alikuwa dereva wa watu fulani waliokuja kupima maji ya ziwa. Walipoondoka walimwachia gari. Sasa magoti yanamsumbua, kupanda na kushuka hawezi, na watoto wake wako Kigali.

"Karibu, fundi," alisema. "Ulitoka mbali. Kula kwanza, mashini haitakimbia."

Mkewe, Mama Esperance, alileta sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa la Kivu, wamekaangwa wakavu, na ndizi. Nilikula huku jicho langu likiwa kwenye kibanda.

Niwaelezee gari lenyewe. Lina umbo la beseni refu la plastiki nzito, na matairi manane mafupi, manne kila upande, yaliyojazwa upepo kidogo sana hadi unaweza kuyabonyeza kwa goti. Halina usukani. Lina vishikio viwili: ukivuta cha kulia, matairi ya kulia yanashikwa na breki na gari linageukia huko. Ndani, chini ya viti, cheni zinapeleka nguvu kutoka injini hadi kwenye kila ekseli. Majini, matairi hayohayo yanapiga maji kama makasia. Kwa hiyo adui wake ni mmoja, nao ni maji kuingia mahali ekseli zinapotoboa bodi.

Nililipandisha juu ya magogo. Nilishika kila tairi juu na chini, nikalitikisa, kisha nikalizungusha sikio likiwa karibu. Hakuna beringi iliyolia. Nilibonyeza cheni kwa dole gumba, zilikuwa na ulegevu uleule zote, zimepakwa mafuta. Nilipima mgandamizo wa injini, nikapima tena kwa kuwa sikuamini. Nilichomoa kijiti cha oili nikainusa, haikuwa imeungua.

Papa Vedaste alinionyesha desturi yake. Kila gari likitoka majini, kabla hajavua viatu, anafungua vizibo vya chini, analiinamisha kwenye mawe maji yatoke, halafu anasukuma grisi katika kila beringi.

"Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji iliingia," alisema. "Usiache. Sukuma mpaka itoke safi. Kama uko na njaa, utakula nyuma, ukishamaliza."

Ni mafundi wangapi mnaowajua wanaofanya hivyo? Mimi simo.

Chini ya bodi, upande wa mbele, nilikuta kiraka kikubwa cha manjano. Nikauliza.

"Jiwe ilipasua pale, ku kijiji ya Nyundo, wakati mto ilijaa. Ile siku nilitoa batu mu maji, ba mama na batoto, mara nyingi, sikuhesabu. Nyuma yake nikakata jerikani, nikaichoma pole pole na chuma ya moto. Ni plastiki moja, inashikana." Akapitisha kidole. "Mi si fundi ya kusoma. Mi nilijifunza tu. We utaniambia kama iko muzuri?"

Nilipitisha kucha pembeni mwa kile kiraka nikitafuta mahali pa kuingia. Sikupapata. Nimechomea plastiki miaka mingi, na sijawahi kufanya kazi safi kama ile.

Rubona

Polisi wa kule hawana mzaha na gari lisilo na namba, kwa hiyo tulilipakia kwenye pikapu ya jirani tukateremka nalo Rubona bandarini. Harufu ya kimea kutoka kiwanda cha bia ilikuwa nzito. Wavuvi walikuwa wanatengeneza nyavu kwenye boti zao, zile wanazofunga tatu kwa pamoja kwa miti mirefu. Waliacha kazi wakatutazama.

Niliendesha mimi. Gari lilishuka ukingoni, likainama, matairi ya mbele yakaachana na mchanga. Kisha likaelea. Polepole kama bata mnene, lakini lilikwenda nilikotaka, likageuka, likarudi. Nilimwona Nyamizi amekaa nyuma yangu, amejishika tumbo, mbuga yote inapita pembeni. Nasema kweli, machozi yalinilenga. Nilizunguka nusu saa nikisingizia kwamba bado napima.

Tulipolitoa nilifungua vizibo. Maji yaliyotoka hayakujaza kikombe cha chai.

Hapo ndipo nilipofanya nilichotumwa. Nilichuchumaa mbele ya kiraka. Nikakigonga. Nikatikisa kichwa, nikasonya, nikasimama na kujifuta mikono kama daktari.

"Papa, hili limekwisha. Kiraka hiki kitaua mtu. Siwezi kuwapelekea watu wangu kitu kama hiki. Labda la kutoa vipuri."

Nikangoja anitukane. Ndiyo zamu yake, ndivyo mchezo unavyokwenda. Bei aliyokuwa ametaja ilikuwa chini kuliko tuliyojiandaa nayo, na kamati ingeilipa siku ileile. Hata hivyo nilitaka ishuke, kwa sababu nisingeweza kurudi Kahama na kusema nililipa nilichoambiwa.

Papa Vedaste hakunitukana. Aliinama kwa shida, akagusa kiraka, akabaki ameinama.

"Bon," akasema mwishowe. "Asante, fundi."

Nikafikiri, huyu mzee mjanja, anajua kunyamaza. Nami najua kungoja. Nikamwambia nitapita Jumatatu.

Siku mbili za kungoja

Usiku ule nilimpigia Mzee Masanja. Nikamwambia gari ni zima na mzee amelainika. Alicheka hadi akakohoa. "Muache achemke," akasema.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na kule siku hiyo mji mzima hutoka kufanya kazi ya pamoja, wanaiita umuganda. Maduka yamefungwa, magari hayatembei. Nilikuwa nataka chai. Mwenye nyumba ya wageni akanipa koleo. Tulichimba mtaro wa maji ya mvua pale Mbugangari, mwalimu na mwanajeshi na muuza nguo na mimi, na katika mstari huohuo, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa kwa sababu ya magoti yake, Papa Vedaste akivunja mabonge ya udongo kwa jembe fupi.

Kazi ilipoisha alinifuata. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Fundi, usiku sikulala juu ya ile neno. Nilibeba batoto mu ile mashini. Nakuuliza kama mutu na mutu. Kile kiraka, ni kweli itaua mutu?"

Mlango ulikuwa wazi mbele yangu. Ningesema tu, Papa, nilikuwa naponda, ndiyo biashara ya kwetu, gari lako ni zima kuliko langu. Ningesema hivyo tungekunywa chai na mambo yangeishia pale. Lakini nilimtazama nikaona bei inashuka usoni mwake.

"Ni kweli, Papa," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akanishukuru tena, akaenda zake akichechemea na ndoo yake.

Jumapili kengele zililia, watu wakapita na nguo safi. Mimi nilikaa ufukweni, nikala sambaza na viazi vya kukaanga, nikapanga jinsi nitakavyolifunga gari juu ya lori. Sijui kama nimewahi kula kwa furaha kama siku ile. Naliandika hili ili mjue mtu niliyekuwa.

Jumatatu

Nilifika asubuhi na tabasamu langu la biashara. Kibandani palikuwa na mwanga kupita kiasi.

Bodi lilikuwa limekatwa kwa msumeno, mara tatu, kutoka ukingo hadi ukingo. Vipande vilikuwa vimeegemezwa ukutani, kimoja tayari kimewekwa maji ya kuku. Injini haikuwepo. Mama Esperance alisema imekwenda Nyundo kwa mtu mwenye mashine ya kusaga. Ekseli zilipangwa sakafuni kwa urefu. Na juu ya meza, zimefutwa, zimepakwa grisi na kufungwa kwenye khanga kuukuu, zilikuwepo beringi na cheni zote.

"Hizi ni zako," alisema Papa Vedaste. "Ulisema labda vipuri. Ulitoka mbali, usirudi mikono mitupu. Sitaki kitu."

Niliuliza kwa nini amelikata, kwa nini asingeliacha tu likae.

"Kama ningeiacha nzima, mvua ikinyesha batu ya Nyundo wangekuja kuniomba. Na mi sijue kukatalia mutu. Ningeingia nabo tena mu maji. Donc, ndiyo maana nilikata."

Nilichukua kipande chenye kiraka. Msumeno ulikuwa umepita pembeni yake. Nilikikanyaga kwa kisigino, nikakikunja kwa uzito wangu wote, bodi likapinda na kupasuka, kiraka hakikuachia hata kidogo. Papa Vedaste alikuwa ananiangalia. Alikuwa mtu wa kazi, hakuhitaji kuelezwa alichokuwa anakiona.

Nikamwambia yote. Kwamba gari lilikuwa zima, kwamba kwetu mnunuzi lazima aponde, kwamba nilikuwa nangoja anitukane. Nilisema haraka, nikisikia jinsi kila neno lilivyokuwa dogo. Niliomba msamaha. Nilisema tungeweza kulichomea upya, na huku nasema nilijua kwamba bodi lililokatwa mara tatu halirudi kuwa bodi.

Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nilikuuliza mara mbili," alisema.

Mama Esperance alileta chakula, maharage na ndizi, na kwa kuwa sikujua namna ya kukataa, nilikaa nikala. Nilipoinuka Papa Vedaste alininyooshea lile furushi la khanga, nami nikalipokea.

Kurudi

Njia ya kurudi sina cha kusimulia. Nililala nikiwa nimefumbua macho, Gisenyi hadi Kigali, Kigali hadi Rusumo. Nilikuwa nafanya mazoezi ya kusema ukweli. Nyakanazi nilikuwa nimeshayapanga maneno yote, na kufika Kahama nilikuwa nayo kamili.

Mkutano ulifanyika Mwabulima. Nilivuka mbuga kwa miguu, viatu mkononi, maji yakiwa yameshafika vifundoni. Watu walikuwa wamekaa chini ya paa la shule. Nyamizi alipewa kiti mbele kwa sababu ya tumbo. Mzee Masanja alinipokea nikiwa bado sijafungua mdomo, akaona furushi la beringi, akaona uso wangu.

"Halikufaa?" aliuliza.

Maneno nilikuwa nayo. Nilimtazama Nyamizi, na maneno yakaisha.

"Halikufaa," nikasema. "Bodi lilikuwa limekatika."

Kisha Nyamizi akasimama, ameshika mgongo.

"Namshukuru kaka yangu. Angetumwa mtu mwingine angetuletea jeneza, tungepanda tukazama. Tutavuka kama tulivyokuwa tukivuka. Mlango upo."

Wakanipigia makofi. Katekista akatuomba tusimame. Akamshukuru Mungu kwa safari yangu, akamshukuru kwa kutupa, katika dunia hii ya matapeli, fundi mmoja asiyesema uongo. Wote wakaitikia amina, na mimi nikaitikia nao.